Vinyeti ya Austria: stika au ya mtandaoni? Munich hadi Split kwa gari

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo sina simu wala kamera ya kuwachambulia. Ngoja nisogee karibu na kioo cha mbele cha gari muone... haya. Mnaiona hii? Kistika hiki, kisichozidi kiganja cha mtoto, ndiyo vinyeti ya Austria, ruhusa ya kupita kwenye barabara zao kuu. Ukikamatwa huna, mwaka 2024 ilikuwa euro 120. Hizo ni tangi na nusu za mafuta, zimekwenda hivihivi.

Sasa nieleze safari yenyewe. Kiangazi cha 2024 tulitoka Munich na familia kwenda Split, kule Croatia, karibu kilomita 900, tukakaa wiki mbili. Nchi nne, na kila moja ina namna yake ya kukudai. Ujerumani gari dogo halilipi kitu. Austria, vinyeti. Slovenia nao wana vinyeti yao, na tangu Februari 2022 ni ya kielektroniki tu, hakuna stika. Croatia unachukua tiketi ukiingia barabarani, unalipa ukitoka.

Turudi Austria, maana ndiko watu wengi wanakopigwa. Safari ya wiki mbili, vinyeti ya siku 10 haikufikishi siku ya kurudi. Kwa hiyo unajikuta unanunua mbili, kwa bei ya 2024 ni 11.50 mara mbili, euro 23. Lakini kuanzia Desemba 2023 wameleta ya siku moja, mwaka 2024 ilikuwa 8.60. Moja ya kwenda, moja ya kurudi: 17.20. Umeokoa karibu euro sita, watoto wamekula aiskrimu.

Ila hapa ndipo nilipojiingiza kwenye shimo mwenyewe. Ya siku moja inahesabu tarehe, si saa 24. Nilinunua ya Jumamosi. Tukaondoka Ijumaa saa nne usiku ili watoto walale njiani, na saa tano na nusu tukawa karibu na mpaka wa Salzburg. Bibi yangu kule Tanga angesema usiku ule tayari ni wa Jumamosi, jua si limeshazama? Waaustria hawahesabu hivyo. Siku yao inaanza saa sita usiku. Basi nikaegesha kituo cha mafuta upande wa Ujerumani, nusu saa nzima, watoto wanakoroma nyuma, mke wangu ananitazama bila kusema neno. Mnaijua ile ya bila kusema neno? Ndiyo hiyo. Mnaosafiri usiku, chukueni tu ya siku 10.

Stika au ya mtandaoni? Mimi nasema mtandaoni, bila kusita. Stika imetengenezwa ichanike ukiibandua, usije ukamhamishia shemeji. Hii mnayoiona ni ya safari ya nyuma, angalia gundi ilivyoganda. Ya mtandaoni inafuata namba ya gari, kwa hiyo umakini wako wote uwe hapo: herufi O si sifuri, na nchi uliyosajili gari uichague sawasawa. Ukiitaka ya miezi miwili au ya mwaka kwa mtandao, nunua mapema, mwaka 2024 ilikuwa inaanza kazi siku ya 18 baada ya kuinunua.

Na nunueni kwa wenyewe, kampuni zinazosimamia barabara kuu: Austria ni ASFINAG, Slovenia ni DARS. Mwaka wa kwanza mimi nilibonyeza tovuti ya kwanza kutokea, kumbe dalali. Vinyeti ilikuwa halali, lakini aliweka cha juu.

Slovenia haina hesabu ngumu. Ya wiki ilikuwa euro 16, ya mwezi 32. Ukikaa wiki mbili, mbili za wiki zilikuwa bei ileile, chukua ya mwezi usiumize kichwa.

Jambo ambalo vinyeti haikuambii: mahandaki. Tauern yanalipiwa kando. Karawanken, lile la kuvukia Slovenia, karibu kilomita 8 chini ya mlima, nalo kando. Na Jumamosi za kiangazi foleni yake usipime. Magari yakisimama, wa kushoto kabisa ajibane kushoto, wengine wote wajibane kulia, katikati ipite ambulansi. Fulana za kuakisi mwanga ziwe ndani ya gari, si kwenye buti chini ya mabegi.

Kuna aliyeniuliza: si Croatia imeingia Schengen, zile nchi zilizoondoa ukaguzi mipakani kati yao, Januari 2023, paspoti ya nini? Ndugu yangu, beba. Slovenia ilirudisha ukaguzi mpakani Oktoba mwaka uleule, na kurudi Ujerumani tulisimamishwa. Paspoti ya Tanzania na kadi ya ukaazi, vyote viwili, mkononi. Mwenzetu gari la nyuma alikuwa na kadi peke yake, tukamsubiri hadi chai ya chupa ikapoa.

Maksi zangu: vinyeti ya mtandaoni ya siku moja, nane kwa kumi. Mbili nimekata kwa ajili ya ile nusu saa. Stika, nne. Sasa nipisheni, nina maji ya moto na wembe hapa, nikaikwangue kabla mwenye gari hajarudi. Gari si langu, ni la yule aliyekuwa ananitazama.