Mashine za naloksoni kwenye kaunti za Marekani: sanduku la magazeti lashinda skrini

Kati ya vitu ambavyo kaunti na miji ya Marekani hununua kwa fedha za fidia ambazo kampuni za dawa hulipa kwa madhara ya opioidi (dawa kali za maumivu na za kulevya kama heroini na fentanili), mashine ya kutoa bure naloksoni, dawa inayomwokoa aliyezidisha opioidi, ni rahisi kuipima: dawa imemfikia mtu au haikumfikia. Makubaliano ya 2022 na wasambazaji watatu wa dawa pamoja na Johnson & Johnson, ya hadi dola bilioni 26, yanataka angalau asilimia 85 itumike kukabili madhara ya opioidi, na naloksoni imo kwenye orodha ya vipaumbele.

Mashine ya umeme yenye skrini hugharimu maelfu ya dola. Huhesabu kila pakiti, jambo zuri wakati wa kuandika ripoti. Tatizo ni pale inapowekwa ndani ya ofisi inayofungwa jioni, kisha ikadai namba ya siri na majibu ya dodoso. Anayetumia fentanili hataki kujiandikisha kwenye jengo la serikali. Ondoeni usajili; takwimu zikihitajika sana, ulizeni namba ya eneo la posta tu.

Sanduku la zamani la kuuzia magazeti barabarani, likipakwa rangi na kusimamishwa nje, hufanya kazi usiku kucha bila umeme wala intaneti. Adui yake ni hali ya hewa. Naloksoni ya kupuliza puani haitakiwi kupita nyuzi 40 za Selsiasi, na sanduku la chuma juani hupita hapo upesi. Liwekeni kivulini. Kwenye baridi kali dawa huganda, na kifaa kilichoganda hakipulizi.

Ndani, wekeni ile ya miligramu 4, pakiti ya dozi mbili. Ya miligramu 8 huleta arosto kali zaidi bila faida ya wazi. Bandikeni maelekezo kwa herufi kubwa: usijaribishe kifaa, kina dozi moja tu; pulizia tundu moja la pua; piga 911, namba ya dharura; asipoamka baada ya dakika 2 hadi 3, tumia cha pili kwenye tundu jingine. Msimwache peke yake, maana naloksoni inaweza kuisha nguvu kabla ya opioidi.

Mengi hukwama kwenye kujaza. Bajeti hununua chuma, ikasahau mtu wa kupita na katoni kila wiki, kukagua tarehe za mwisho na kupangusa vumbi. Kaunti isiyo na mtu huyo inunue sanduku moja, si matano.