Kujiundia baiskeli Mombasa: pesa ianzie wapi

Kisiwa chetu ni tambarare, kwa hiyo gia 21 ni za kujivunia tu. Adui wa baiskeli hapa ni chumvi. Upepo wa bahari hula mnyororo, nati na spoku hata baiskeli ikiwa imelala barazani. Mimi hununua kwa kuangalia kitakachooza mwisho.

Fremu ndiyo ya kwanza. Juu kabisa naweka fremu ya mtumba ya aluminiamu, isiyo na springi: haishiki kutu kama chuma na ni nyepesi. Ikague kwenye maungio, hasa chini ya usukani. Ukiona ufa, iache, maana mafundi wengi wa mtaani hawachomelei aluminiamu. Ya pili ni Black Mamba, ile baiskeli ya chuma ya kubebea mizigo. Nzito kweli, ila hubeba gunia bila kulalamika na fundi yeyote wa welding huitengeneza. Ya mwisho ni zile mpya za bei ya chini zenye springi mbele na nyuma. Springi zikishika kutu, umebaki na mzigo.

Bomba la siti la aluminiamu likiingia kwenye fremu ya chuma, paka grisi. Mimi sikupaka. Baada ya masika mawili vyuma hivyo vilikuwa vimeshikana kama mtu na nduguye, nikaishia kukata kwa msumeno.

Magurudumu ndiyo yanayopoteza pesa za watu wengi. Muuzaji atakwambia "ni 28 hii", lakini 28 ziko zaidi ya moja. Soma nambari ndogo ubavuni mwa tairi, ile ya kipenyo cha rimu kwa milimita: Black Mamba ni 635, 700C, ambayo nayo huitwa 28, ni 622, na ile 26 ya baiskeli za milimani ni 559. Tairi la 622 halikai kwenye rimu ya 635, hata ulivute na spana tatu. Kwa breki za mpira zinazobana ubavu wa rimu, chagua rimu ya aluminiamu. Ya chuma ikilowa mvua, breki inateleza tu.

Mnyororo usinunue uliotumika. Pima kwa rula: kutoka pini ya kwanza hadi ya 25, katikati kwa katikati, ni milimita 304.8 ukiwa mpya. Ukifika 307, unatafuna meno ya gia.

Wakati wa kufunga, pedeli ya kushoto hukazwa kinyume na saa. Kikombe cha ekseli ya pedeli upande wa mnyororo nacho hivyo hivyo kwa fremu nyingi. Wasiojua huvunja nyuzi za skrubu hapo.

Siti, kengele na vishikio, chukua unavyopenda.

Ukitoka kivuko cha Likoni na baiskeli imerukiwa na maji ya bahari, ioshe kwa maji ya mfereji. Visima vyetu vingi vina chumvi vilevile.