TAHADHARI: Dada wa asali "ya watoto kuanzia siku 0", msinunue kwake

Jamani mama zangu na wadogo zangu, yule dada anayepitisha asali ya nyuki wadogo mtaani kwetu, mwenye chupa za kifuniko cha njano na lebo ya picha ya mtoto, MSINUNUE KWAKE. Mliokuja wodini mwanangu alipolazwa kwa asali yake mnajua tulikopita, sitayarudia yote. Ila wengi mnaniuliza, "Ilikuwaje wewe tena, mtu wa kliniki?" Leo nawajibu, ingawa aibu inanimaliza.

Jioni ile nilikuwa barazani na mama mkwe, mtoto ana miezi minne, chango linamliza tangu saa tisa. Dada akapita na kikapu chake. Hakuanza na biashara. Alimwamkia mama shikamoo, akaketi mkekani, akaomba kumpakata mtoto, akawa anampapasa tumbo huku anasoma Bismillahi. Mtoto akanyamaza. Ndipo akatoa chupa. Akachovya kichwa cha njiti ya kiberiti kwenye asali, akaifuta kidogo kwa kidole, akaikwangua. Ikawaka! "Mama, ya sukari haiwaki hivi." Akadondosha tone kwenye glasi ya maji, likazama zima zima mpaka chini.

Mimi nimeshalizwa mara mbili na asali ya sukari guru, kwa hiyo macho yangu yote yalikuwa kwenye kile kiberiti. Nikamuuliza swali moja tu: mdogo hivi atafaa kupewa? Akageuza chupa nisome lebo: "Watoto kuanzia siku 0." Akasema, "Hii nimeichemsha kwa mkono wangu, mdudu gani abaki humo? Mchovyee kwenye chuchu yake ya plastiki asubuhi na jioni." Mama mkwe akaitikia, wanawe wote walilambishwa asali. Nikatoa 18,000.

Kadi ya kliniki inasema maziwa ya mama pekee mpaka miezi sita. Niliisoma. Lakini asali sikuihesabu kuwa chakula, niliihesabu dawa. Na mtu aliyempakata mwanangu kwa upole ule, ningemshuku vipi?

Wiki haikuisha choo kikakata. Siku nne, tano, hakuna. Kisha kilio kikawa chembamba kama cha paka mchanga. Akishika ziwa hana nguvu ya kuvuta, maziwa yanamwagikia shavuni. Kope zikawa zinashuka, nikimwinua kichwa kinaanguka nyuma kama cha mtoto wa siku moja. Na mwili wa baridi, homa hakuna! Tukapima malaria, hana, tukapewa dawa ya kulainisha choo turudi nyumbani. Usiku ule ule pumzi zikaanza kumshinda.

Daktari wa watoto alimmulika tochi machoni, akaona mboni zinachelewa kusinyaa. Akaniuliza, "Amelambishwa asali?" Nikasema hapana. Nilisema hapana mbele ya mama mkwe aliyeshika ile chuchu mkononi. Akaniuliza tena, taratibu, nikaangua kilio.

Akatuambia anashuku ugonjwa wa botulizimu ya watoto wachanga. Ni nadra, ndiyo maana wengi hamjausikia, lakini madaktari wanaujua tangu mwaka 1976 huko California. Kuna bakteria anayekaa kwenye udongo na vumbi, mbegu zake huweza kuingia kwenye asali. Sisi watu wazima tukizimeza kwa kawaida zinapita tu. Utumbo wa mtoto wa chini ya mwaka bado haujakomaa, kwa hiyo zinachipua humo humo ndani na kutoa sumu inayokata mawasiliano ya neva na misuli. Utumbo unalala, kope zinalala, mpaka misuli ya kuvutia pumzi. Na kuchemsha kule alikojisifia hakuziui mbegu hizo! Zinahitaji nyuzi 121, na sufuria ya kawaida haifiki hapo. Kiberiti nacho hakioneshi chochote. Asali safi kabisa, hata iliyotoka moja kwa moja kwenye mzinga Tabora, inaweza kuwa nazo, haina harufu wala ladha tofauti. Mimi nilihangaika kujua kama ni safi, kumbe la kuangalia lilikuwa umri wa mtoto. Texas mwaka 2018 watoto wanne walilazwa kwa chuchu zilizojazwa asali, karibu sawa na nilivyofanya mimi.

Dawa maalumu ya watoto hawa ipo Marekani, sisi hatukuipata. Mwanangu alilishwa kwa mpira wa puani, siku 11 mashine ikampumulia, mpaka neva zilipoanza kujirudi zenyewe. Siku ya 19 alinibana kidole. Nilipiga kelele wodi nzima ikaamka.

Nilimpigia huyo dada. Unajua alinijibu nini? "Mbona wengine hawajapata?" Kisha akaniblock. Na status yake bado ina lebo ile ile! Huyu akamatwe. Afungiwe biashara, apandishwe kizimbani aulizwe nani alimpa ruhusa ya kuandika "siku 0" kwenye asali. Namuuliza Mungu angekuwa mwanawe angefanyaje. Nataka kila mama aliyemuuzia amrudishie hela yake, na aende mwenyewe akaone watoto wanavyolala na mipira puani.

Mtoto hajatimiza miezi 12, asali hapana, hata tone, hata ya kulainisha ulimi, awe amekushauri bibi au nani. Ukishampa, angalia choo kukata, kilio kupungua, kunyonya bila nguvu, shingo kulegea. Kimbia hospitali na useme ASALI kabla hujaulizwa, usione haya kama mimi.

Chupa yangu nimeifunga kwenye mfuko, lebo inasomeka vizuri. Jumatatu naipeleka TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Mwenye chupa ya kifuniko cha njano anitafute kabla ya hapo, tuzipeleke pamoja.