Wikidata kwa takwimu za Dar: inafaa, ila chunga P143

Kwenye jedwali la kawaida, sensa mpya ikiingia ya zamani inafutika. Wikidata, hifadhidata huria iliyo ndugu ya Wikipedia, iliyoanza 2012, haina ugonjwa huo: watu 4,364,541 wa Dar es Salaam kwa sensa ya 2012 na 5,383,728 wa 2022 wanaweza kukaa pamoja, kila namba na tarehe yake na chanzo chake.

Kuingiza si kazi. Kila aina ya taarifa ina msimbo wake unaoanza na P. Ongeza thamani kwenye P1082 (idadi ya watu), andika namba, weka tarehe kwa P585, kisha shuka kwenye marejeo: P248 kwa ripoti, P854 kwa kiungo, P813 kwa siku uliyokifungua. Ya 2022 ipe daraja la juu, ya 2012 iache kwenye la kawaida. Usiishushe! Daraja la chini ni la taarifa zenye makosa, si zilizopitwa na wakati. Hapo wengi hujikwaa.

Kinachoudhi ni P143, inayosema tu kwamba namba imetolewa Wikipedia ya lugha fulani. Hicho si chanzo, ni "nimesikia kwa jirani". Na mfumo unapokea hata taarifa isiyo na rejeo lolote.