Rivyu: kitochi cha laini mbili kwa mhudumu wa afya wa kijijini

Niseme mapema, hii rivyu sio ya watu wa mjini. Kama uko Kariakoo, bando la mwezi na soketi kila ukuta, we pita tu. Hii ni ya WAJA wenzangu (wahudumu wa afya ya jamii), manesi wa zahanati na yeyote anayefanya kazi ya afya sehemu ambayo mtandao mpaka upande kichuguu. Nazungumzia kitochi, kile cha batani, laini mbili, redio na tochi kwa juu, kinachouzwa elfu ishirini na kitu mpaka thelathini na kitu kutegemea duka na ulivyobembeleza. Kampuni sitaji, nimetumia za aina aina na kwa kazi yetu hazipishani sana.

Kwenye chaji hapana mjadala. Simujanja ya kazi tuliyogawiwa na mradi fulani inatoka nyumbani asubuhi imejaa, saa saba mchana ishazima, hapo umeingiza kaya chache tu na apu ya ripoti bado inazunguka zunguka haijatuma kitu. Inabidi uipeleke kwa jamaa mwenye sola senta, unalipa mia tatu, unaiacha mpaka jioni kwenye rundo la simu za watu. Sasa hapo mama akishikwa uchungu kitongoji cha pili wanampigia nani? Anapokea muuza duka, "mwenyewe hayupo", basi. Kitochi unakichaji leo unakisahau, siku ya tatu ndo kinaanza kulalamika, na hata kikilalamika bado kina meseji kadhaa ndani yake.

Na meseji ndo kazi yenyewe, watu wanaidharau bure. Meseji moja ya kawaida inabeba herufi 160, ukiwa unajua unachosema zinatosha kabisa. Mfano wa tunazotuma: "Nesi, mama wa mimba ya kwanza kwa mwenyekiti, kichwa kinauma sana, anaona maruweruwe, uso umevimba. Tunakuja na boda, andaa presha." Basi. Nesi akisoma hiyo keshajua habari ya kifafa cha mimba, mpaka nyie mnafika mashine ya presha iko mezani na keshaanza kuulizia usafiri wa kwenda mbele. Simu ya kuongea sehemu zetu inakatika katika, "haloo, haloo, umesemaje", unamaliza salio hujafika kwenye neno uvimbe. Meseji yenyewe ikikosa mtandao unapanda mlima inaondoka, na upande wa pili nesi akiwa anazalisha ataikuta akimaliza.

Halafu wanaosema kitochi ni cha kizamani wakumbuke SMS for Life, mradi wa kufuatilia dawa za malaria vituoni kwa meseji, ilianzia hapahapa Tanzania, Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga, 2009 kuingia 2010. Ilikuwa hivi: kila Alhamisi mfumo unamtumia meseji mhudumu wa kituo kwenye simu yake ya kawaida, anahesabu dawa mseto za malaria zilizobaki pakiti kwa pakiti, kuanzia ile ya watoto wadogo mpaka ya watu wazima, anajibu kwa namba fupi bila kukatwa hela. Hajajibu? Ijumaa anakumbushwa. Akijibu vizuri anapata vocha kidogo, na hapo kwenye vocha ndo walicheza kama Pele maana mtu wa zahanati anajulikana. Wilayani wanaona kituo gani kimeishiwa na kipi kina ziada, wanahamisha. Vituo 129, miezi kama mitano hivi, vilivyokuwa havina dawa mseto kabisa vikashuka kutoka asilimia 26 mpaka chini ya asilimia 1. Walioweka fedha na utaalamu ni wakubwa, Novartis, Vodafone, IBM, lakini kwa mhudumu kilichohitajika ni kusoma, kuhesabu na kubonyeza.

Hata 115, namba ya m-mama, ule mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito na vichanga, ni hivohivo, kitochi kinatosha. Unapiga bure, anayepokea anakuuliza dalili za mama au kichanga, anaangalia kama ambulansi ipo karibu, isipokuwepo anampigia dereva wa kijijini aliyesajiliwa, na dereva nauli yake analipwa kwa simu, sio kusubiri ukoo mzima uchangishane usiku. Apu ya kudownload haipo, neno la siri la kusahau halipo. Sevu tu namba kwa jina litakalokuja juu kabisa kwenye majina, mi nimeandika AA MAMA, ili hata mtoto wa darasa la tatu akishika simu yangu aione.

Na kubip jamani! Salio likibaki kiduchu kitochi bado kinaongea. Zahanati yetu wana mpango wao, bip moja maana yake pita ukiwa na nafasi, mbili chanjo zimefika waambie akina mama, tatu njoo sa hivi. Hakuna aliyetufundisha semina, ni umaskini tu ulitutungia.

Tochi nayo isichukuliwe poa. Usiku unampima mtoto malaria, kile kipimo cha haraka kinataka uone kamstari kembamba sana, ukitegemea kibatari utabishana na macho yako. Simu nashikilia kwa meno tochi inamulika kipimo, mkono mmoja na mtoto, mwingine na saa.

Mabaya yake sasa, yapo. Picha hakuna. Kuna siku unakutana na kipele au kidonda hukielewi, mwenye simujanja anapiga picha anamrushia dokta, anajibiwa kabla hajafika nyumbani, wewe wa kitochi unabaki kueleza "kama kipele ila sio kipele". Orodha ya kaya nayo huwezi kuitunza humo, kwa hiyo ile simujanja ya kazi haitupwi, mi naitoa siku za kuingiza takwimu tu. Inboksi inajaa haraka na ikijaa meseji mpya haziingii, kwa hiyo kila Jumapili futa.

Kubwa zaidi ni siri za watu. Loki ya kitochi ni kubonyeza batani halafu nyota, mpaka mtoto mchanga anafungua. Mumeo anasoma, shemeji anasoma, muuza sola anasoma. Kwa hiyo usiandike jina la mtu na habari ya TB au ARV kwenye meseji moja, kamwe, tumia namba ya kadi. Namba ya siri ya kufungulia simu ipo kwenye settings, iweke, wengi hata hawajui ipo. Ila tusikionee kitochi, magrupu ya WhatsApp ni balaa zaidi, picha ya kadi ya mgonjwa inatupwa mbele ya watu mia na admini kimya.

Ukienda kununua nenda na laini zako zote mbili, zichomeke palepale dukani upige uone, kuna vingine vimeandikwa laini mbili ya pili inashika ikijisikia. Chukua chenye betri ya kutoka na tundu la chaja linalopatikana kwenu. Bonyeza batani ya 7 mara nyingi, kwenye meseji hiyo inateseka sana, R na S zote zimo humo. Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya inboksi.

Jambo moja la pembeni kwa wakubwa wa zahanati, kwa sababu hili kitochi hakiwezi kulitatua. Namba tunayopiga usiku mara nyingi ni ya nesi mwenyewe, laini yake, simu yake. Akihamishwa namba imeondoka naye, tunampigia aliyeko Songea kuhusu mama aliyeko kwetu. Nunueni laini ya kituo, ikae na kitochi chake kwenye chumba cha kujifungulia, anayeingia zamu anaikuta hapo, na namba ipakwe rangi ukutani kwa nje.