Zana za Meneja wa Bidhaa: Ipi Ulipie, Ipi Uiache

Karibuni tena watazamaji. Leo tunapima zana za meneja wa bidhaa za kidijitali, na mfano wetu ni programu ya duka mtandaoni inayopokea malipo kwa M-Pesa nchini Kenya. Swali ninaloiuliza kila zana ni moja: inanisaidia kuamua nini?

Trello na Jira, zana za kupanga na kufuatilia kazi za timu, tuzimalize haraka. Zote ni za Atlassian, iliyoinunua Trello mwaka 2017. Mkiwa watu wanne watano, Trello inatosha. Weka safu nne: Mawazo, Tunafanya, Tunajaribu, Imetoka. Kila kazi ni kadi moja, na kwenye Tunafanya zisizidi kadi tatu. Zikirundikana, ujue kuna mtu amekwama na hajasema. Jira nzuri kwa timu kubwa, ila mpango wake wa bure unaishia watumiaji 10, na usipoangalia utashinda unajaza fomu.

Figma, ya kuchora mfano wa programu kabla ya kuijenga, haina ubishi. Chora skrini, ziunganishe, mpe mtu simu mkononi halafu nyamaza. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kwa raundi moja ya majaribio; rekebisha, kisha tafuta wengine 5. Ukianza kumwelekeza wapi abonyeze, jaribio limeshaharibika.

Sasa lahajedwali, kama Excel, ambalo wengi wanalidharau. Hapa ndipo ninapopangia vipaumbele kwa kanuni ya RICE, iliyotoka kampuni ya Intercom: watu watakaofikiwa, mara athari, mara uhakika, gawa kwa miezi ya kazi ya mtu mmoja. Tazameni skrini. Mandhari meusi, yaani kugeuza rangi ya skrini iwe nyeusi: watu 6,000 kwa robo mwaka, athari 0.25, uhakika asilimia 50, kazi ya mwezi 1. Inatoka 750. Ujumbe unaoeleweka malipo yanapokwama: watu 1,500, athari 2, uhakika asilimia 80, nusu mwezi. Inatoka 4,800. Bosi akililia mandhari meusi, mwonyeshe safu hizi mbili.

Inapoharibikia ni hapa: huyu kaandika watu kwa mwezi, yule kwa robo mwaka, na kila mtu kalipa wazo lake athari 3, ambayo ndiyo ya juu kabisa. Kubalianeni kipindi kwanza. Na asilimia 100 ya uhakika haiandikwi bila takwimu mkononi.

Mwisho Mixpanel, ya kufuatilia mteja anaishia wapi. Zana nzuri, lakini ukiilisha takataka itakuchorea takataka kwa rangi za kupendeza. Usirekodi "malipo yamefeli" ukaishia hapo. Ambatisha msimbo unaorudishwa na Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha malipo. 1032: mteja ameghairi mwenyewe. 1037: simu haikupatikana au hakujibu kwa wakati. 1: salio halitoshi. 2001: mara nyingi ni PIN iliyokosewa. Dawa zake hazifanani kabisa! Wa 1037 mpe kitufe cha kujaribu tena. Wa 1032 wakiwa wengi, kagua bei na ada unazomwonyesha dakika ya mwisho. Wa salio, mhifadhie kikapu chake.

Na kuna mtego unaowanasa hata wazoefu. Ukituma ombi la malipo, Daraja hujibu papo hapo ResponseCode 0. Hiyo maana yake ombi limepokelewa tu. Mteja hajaweka hata PIN. Malipo yamekamilika pale jibu la pili linapokuja na ResultCode 0. Msanidi akirekodi mauzo kwenye jibu la kwanza, dashibodi itang'aa na akaunti itabaki vilevile. Kwa hiyo linganisheni jumla ya Mixpanel na taarifa ya M-Pesa kila asubuhi. Jibu la pili nalo huweza kuchelewa au kupotea njiani, basi mwambieni msanidi aulizie hali ya muamala mwenyewe kabla ya kumwambia mteja alipe upya, la sivyo mtamkata mara mbili.