Kisanduku cha Kolibri shuleni kwetu Arua: mihula minne ya kukitumia

Nafundisha Kiswahili na historia katika sekondari moja nje kidogo ya mji wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, upande wa kwenda Vurra. Darasa langu la Sinia Wani, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari, lina wanafunzi 78. Vitabu vya Kiswahili nilivyovikuta stoo vilikuwa 11, na viwili kati yake havikuwa na jalada. Naanza na hesabu hiyo ili msidhani nimelewa mapenzi ya mashine hii ya Kolibri, kompyuta ndogo iliyojaa masomo yasiyohitaji intaneti.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza Februari 2020, Kiswahili kiliwekwa kuwa somo la lazima Sinia Wani na Sinia Tuu. Kisha shule zikafungwa Machi mwaka huohuo, na zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2022 ndipo wengi wetu tulipouelewa ule mtaala ulitutaka nini. Ulitaka mtoto achunguze, ajadili, afanye mradi. Asilimia 20 ya alama za UCE, mtihani wa taifa wa Sinia Foo, zinatokana na kazi hizo za darasani. Vizuri sana. Lakini unamwambia mtoto wa bweni "kafanye utafiti" wapi, ikiwa simu ni marufuku na maktaba ni kabati moja ambalo ufunguo wake anao mtu aliyekwenda kwenye matanga?

Ndiyo maana wanafunzi wetu wa zamani walipoleta tableti 20 za mitumba na kompyuta moja ya Raspberry Pi 4, kitu cha kutoshea kiganjani, nilijipendekeza kuwa msimamizi wake. Ndani yake tuliweka Kolibri. Programu hii ni ya bure. Imetengenezwa na Learning Equality, shirika la Marekani ambalo kazi yake ya kwanza, mwaka 2012, ilikuwa kuziwezesha video za masomo za Khan Academy kutazamwa pasipo na intaneti. Kolibri ni jina la ndege mdogo wa bara la Amerika, anafanana na chozi wetu anyonyaye maua. Jina linastahili: kisanduku chenyewe kinaendeshwa hata na pawabenki ya simu. Kinatoa waifai yake, tableti zinajiunga, unafungua kivinjari na masomo yamo humo. Hata shilingi moja ya bando haitumiki darasani.

Kazi ilikuwa kuyaingiza hayo masomo. Chaneli, yaani mafungu ya masomo ya Kolibri, zile kubwa zinafika makumi ya gigabaiti, na data ya Uganda, ambayo tangu Julai 2021 inatozwa ushuru wa asilimia 12, si kitu cha kuchezea. Shemeji yangu alipakua kila kitu Kampala, akanitumia kwa basi la usiku. Kadi ya kumbukumbu nilinunua hapahapa mjini, dukani kwa kijana mmoja mcheshi, imeandikwa gigabaiti 128. Nikanakili usiku kucha. Asubuhi nusu ya video zikawa hazifunguki. Kadi ilikuwa ya bandia. Ukubwa wake halisi sijui hata kama ulifika 16. Niliporudi dukani yule mcheshi alikuwa amesafiri, na nasikia bado yuko safarini. Ya pili tuliagiza, tukaijaza faili kwanza hadi pomoni kuipima. Mwalimu mwenzangu yeyote, fanya hivyo kabla hujamlipa mtu.

Umeme nao. Hadi mwaka 2024 sisi wa West Nile, eneo letu hili, tulikuwa hatujaunganishwa na gridi ya taifa, na tulijua kuishi na giza. Sasa ni nafuu, lakini ukikatika ghafla kisanduku kikiwa kinaandika, kadi yaweza kuharibika. Kifungeni kwa utaratibu kila jioni, na wekeni nakala ya pili kabatini. Sisi tulijifunza hilo baada ya kupoteza majina ya wanafunzi wote na majibu yao ya muhula mzima.

Sasa niseme kilichonishangaza. Wageni wakija, mkuu wa shule huwaonyesha majaribio ya sayansi ya PhET ya kufanyia kwenye skrini, yale ya Chuo Kikuu cha Colorado, mtoto anaunganisha waya na balbu kwa kidole na balbu inawaka. Wageni hupiga picha. Mwalimu wa fizikia anayapenda kwa haki, kwa sababu maabara yetu ina betri zilizokufa. Video za hesabu zina bahati tofauti: katika moja mfundishaji alihesabu sarafu za Marekani, na darasa zima likaacha hesabu likaanza kuuliza "daimu" ni nini.

Mimi nilichopata ni vitabu vya hadithi vya watoto wadogo. Chaneli ya African Storybook, ulio mpango wa shirika la Saide la Afrika Kusini, ina hadithi fupi zenye picha katika lugha nyingi za Afrika, na nyingi zipo kwa Kiswahili, Kiingereza na Luganda. Niliona haya kuwapa vijana wa miaka 14 hadithi ya kuku na tai. Nikajaribu. Wakasoma kimya, wanne kwa tableti moja, na kengele ilipolia hawakunyanyuka. Mtoto wa Kilugbara ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni alisoma kwanza ya Kiingereza, akahamia ya Kiswahili, akarudi, akahamia tena, bila mimi kumwambia. Kurasa kumi na mbili zinasomwa zikaisha. Kitabu chetu cha kiada hakijawahi kumpa mtu raha hiyo ya kumaliza kitu.

Kumbukumbu za mwalimu, ambazo Kolibri inaita za kocha, ndizo nilizozidharau mwanzoni. Unaandaa jaribio, na baadaye unaona nani alijibu, swali gani limewashinda wengi. Niligundua kwamba binti mmoja mkimya wa nyuma, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, alikuwa amesoma hadithi zote nilizopanga na nyingine ambazo sikuzipanga. Mkono hajawahi kunyoosha. Ila ole wako kama wanne wanatumia jina moja, kwa maana ripoti itakusifia mtu ambaye hayupo. Sisi tulipanga zamu: majaribio ni saa za jioni, mmoja mmoja, makundi ya ishirini.

Mzazi mmoja alikuja juu: simu zimekatazwa, kwa nini mwanawe ashikishwe tableti? Tulimkalisha tukampa moja. Akatafuta mpira dakika kumi, hakuupata, akaondoka ametulia.

Muhula uliopita mradi wetu ulikuwa hadithi ya soko. Nilimwalika mzee mmoja jirani, askari wa zamani, maana huku Kiswahili hakikuja na mtaala. Kilikuja na kambi za jeshi na biashara, na Rais Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 mzee huyu alikuwa kijana kikosini. Alikaa chini ya mwembe akawasimulia siku za kuvuka kwenda soko la Ariwara, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo. Kiswahili chake hakijali ngeli. Mwanafunzi mmoja akacheka. Mzee akamtazama: "Mtoto wangu, hii Kiswahili ilinunua ng'ombe. Yako imenunua nini?" Msichana aliyekulia upande wa Kongo, aliyezoea kusahihishwa kila akisema "batoto", ndiye aliyepiga makofi.

Waliandika, wakachora, tukapiga picha michoro, nikatengeneza faili ya kurasa 14. Kuiingiza kunahitaji Kolibri Studio, ambayo ipo mtandaoni tu, hivyo nilikaa kwenye mkahawa mmoja mjini saa mbili kwa chai moja. Jumatatu kitabu chao kilikuwa kwenye tableti zote, jirani na vile vya watu wa mbali.

Kama shule yenu haina mtu wa kukilea kisanduku hiki, pesa hizo nunueni vitabu vya karatasi. Kama yupo, na anapunguziwa vipindi viwili kwa wiki (mimi sijapunguziwa hata kimoja, mkuu akisoma hapa anisikie), chukueni. Tableti zetu zimebaki 17. Chaja ndizo zinazokufa kwanza, nunueni za ziada.

Tayari Sinia Wani wa mwaka huu wameona kosa ukurasa wa tisa: mzee ana ng'ombe wanne akivuka, na watano akirudi, bila kununua hata mmoja. Nimewauliza walioiandika hadithi, wanasema alivyosimulia ni hivyohivyo. Nasubiri nipate bando, na nimwone mzee kwanza.